Siri ya tumbo lililopunguzwa

Mtu akionekana mitaani Malindi amepungua kilo 40 ndani ya mwaka, mji haumsubiri aseme mwenyewe. Wapo watakaonong'ona kuwa ana ule ugonjwa, na wapo watakaosema ndoa inamtesa. Ikijulikana kwamba alikwenda Mombasa au Nairobi akapunguzwa tumbo kwa upasuaji, huruma yote huisha. "Kumbe! Mdomo umemshinda, akaenda kukatwa." Mwanamume huambiwa hayo nusu kwa utani. Mwanamke huambiwa kwa ukali, na mara nyingi anayemwambia ni shangazi yake au wifi yake.

Wanaoupinga upasuaji huu wana hoja za kweli, nami nitazifikia. Ila ile inayosikika zaidi barazani, kwamba hii ni njia ya mkato ya mtu mvivu, ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayoumiza watu.

Mwaka 1987 watafiti wa Sweden walianza kuwafuatilia watu wapatao 4,000 wenye unene uliokithiri. Nusu yao walipasuliwa, na nusu wakaendelea na matibabu ya kawaida ya kliniki zao, ushauri wa chakula na mazoezi ukiwemo. Matokeo yaliyochapishwa 2007 yalionyesha kuwa baada ya miaka 10 waliopasuliwa walikuwa bado wamepungua kati ya 14% na 25% ya uzito wao wa mwanzo, kutegemea aina ya upasuaji, na waliofariki miongoni mwao walikuwa wachache kuliko wenzao. Na hao wenzao je? Kwa wastani uzito wao haukusogea hata 2%, si juu si chini.

Naomba msomaji aikalie takwimu hiyo kidogo. Kwa mtu wa kilo 120, asilimia mbili ni kilo mbili na ushei. Hao ni watu wazima kama 2,000, katika nchi tajiri, wana madaktari na wanajua fika kwamba unene unawaua. Miaka ikapita, na mizani ikabaki pale pale. Je, wote walikuwa walafi? Wote hawakuwa na azma? Ni kweli kwamba upasuaji wa enzi hizo sio huu unaofanywa zaidi leo, kwa hiyo asilimia za waliopasuliwa tusizibebe kama zilivyo. Lakini ile ya wasiopasuliwa inabaki vile vile, nayo ndiyo inayowajibu wenye kusema "si ajizuie tu".

Mwili wenyewe hupigana. Watafiti wa Australia walionyesha mwaka 2011 kuwa watu waliopungua kwa kujinyima kwa wiki 10 walikuwa bado na homoni za njaa zilizopanda mwaka mmoja baadaye. Yaani umeshapungua, na tumbo linadai kuliko lilivyodai ulipokuwa mnene. Katika upasuaji unaofanywa sana siku hizi, daktari huondoa kama asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa tumbo na kuacha kipande chembamba chenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini. Aina nyingine hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo na kukiunganisha na utumbo chini zaidi, chakula kikaruka sehemu ya njia yake. Kwa wenye sukari faida huonekana waziwazi: katika utafiti wa Marekani uliotoa matokeo ya miaka mitano mwaka 2017, waliofikia kiwango kizuri kabisa cha sukari walikuwa 29% kwa upasuaji wa kuunganisha utumbo, 23% kwa ule wa kuondoa sehemu ya tumbo, na 5% tu kwa waliotegemea dawa peke yake.

Hiyo njia ya mkato yenyewe ikoje, basi? Siku ya upasuaji au kesho yake unainuliwa utembee, damu isigande miguuni. Wiki mbili hivi za mwanzo ni vitu vya majimaji tu, vijiko na funda ndogo ndogo, kutwa nzima. Kisha vilivyopondwa, kisha vilaini, na chakula cha kawaida hurudi polepole mwezi wa pili. Maji hayanywewi pamoja na chakula. Unasubiri nusu saa. Protini kwanza, kati ya gramu 60 na 80 kwa siku, kwenye tumbo linalokataa tonge la tano. Hapo mtu wa pwani ana bahati, maana samaki mlaini aliyechemshwa humfaa vizuri. Lakini kaimati, halwa na chai ya sukari nyingi, hasa kwa aliyeunganishwa utumbo, huteremka kwa kasi na kumletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha. Kuanzia mwezi wa tatu nywele hupukutika, ingawa kwa wengi huota tena. Ngozi hulegea na haikazi. Vitamini, chuma na kalsiamu humezwa maisha yote, chuma na kalsiamu kwa saa tofauti, na hicho chuma kisifuatwe na chai, maana chai hukizuia kuingia mwilini. Hebu fikiria kumwambia mtu wa Malindi aitenganishe chai na mlo wake hadi kufa kwake.

Na hayo yote wengi huyafanya kwa siri. Hapa ndipo aibu inapogeuka kuwa hatari ya kiafya, kubwa kwa maoni yangu kuliko kisu chenyewe, kwa sababu siku hizi vifo vinavyotokana na upasuaji huu katika hospitali zenye uzoefu ni vichache sana. Mama mmoja wa mtaa wa Shela hapa Malindi, aliyekubali nimsimulie bila jina, aliwaambia nduguze wote kuwa ana vidonda vya tumbo. "Afadhali waseme mgonjwa kuliko waseme mlafi," aliniambia. Daktari wake anajua, na mumewe anajua. Mwingine hakuna.

Sasa mweke mtu huyo harusini, mbele ya sinia la biriani linaloliwa na watu wanne. Mkubwa akisema "kula, mwanangu, mbona huli?" atakataaje bila kueleza? Anakula, anatapika. Kesho kuna arobaini, anakula, anatapika. Kutapika kwa wiki chache humaliza vitamini B1 mwilini, na ukosefu wake hushambulia neva na ubongo: miguu inakufa ganzi, macho yanachezacheza, mtu anaanza kuchanganyikiwa. Anapelekwa zahanati, anapimwa malaria na taifodi, anatundikiwa drip ya glukosi. Glukosi ikitangulia kabla ya vitamini B1, hali yaweza kuharibika zaidi. Muuguzi hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemwambia.

Akiumwa kichwa au mgongo atanunua Brufen duka la dawa, dawa ambayo aliyeunganishwa utumbo huambiwa aikwepe kwa kuwa huweza kumtoboa vidonda pale palipoungwa. Mwanamke aliyekuwa hashiki mimba huenda akashika upesi anapopungua, na madaktari hutaka asubiri miezi 12 hadi 18. Mama mkwe anayehesabu miezi hajui hilo. Akipata mimba, kliniki ya wajawazito ikampa yale maji ya glukosi ya kupima sukari, yanaweza kumwangusha hapo hapo kwenye benchi. Ramadhani ikiingia katika miezi ya mwanzo, anatakiwa asifunge, na dini imempa mgonjwa ruhusa ya kulipa baadaye. Lakini anafunga, kwa kuwa asiyefunga ataulizwa, na baina ya futari na daku hawezi kumaliza kiasi cha maji kinachomtosha kwa funda zile ndogo. Na usiku atakaposhikwa na maumivu makali ya tumbo, ambayo kwa aliyeunganishwa utumbo yaweza kuwa utumbo umejisokota hata miaka kadhaa baadaye, anayempakia kwenye gari ni shemeji asiyejua chochote.

Ndiyo maana maneno ya barazani siwezi kuyaita maneno tu.

Wanaopinga nao wasikizwe. Hoja yao nzito ni umbali. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na wa Lamu ana boti ya kuvuka hadi Mokowe kabla hata hajaikanyaga barabara. Upasuaji unaodai vipimo vya damu kila mwaka na mtaalamu wa lishe wa kumrudia haufanani na maisha ya mtu anayekwenda hospitali siku anapozidiwa. Kinachoondolewa hakirudishwi. Baadhi huongezeka tena uzito miaka ya mbele, hasa wakiyarudia maji ya matunda ya sukari na vitu vya kumung'unya kutwa, ambavyo tumbo dogo haliwezi kuvizuia. Na gharama: familia inaweza kuuza kiwanja kwa ajili ya siku moja ya chumba cha upasuaji, ikakosa pesa ya vitamini mwaka wa tatu. Hilo la mwisho sina jibu nalo.

Wazee wanasema kweli pia wanapoelekeza kidole kwenye soda, chipsi za usiku na bodaboda ya kwenda duka la pembeni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulikuta 38.5% ya wanawake wazima wa Kenya wana uzito uliozidi, na kwa wanaume 17.5%. Umati huo hautapita chumba cha upasuaji, wala haupaswi. Hekima ya kula theluthi na kutembea kwa miguu ndiyo dawa yao, na mapema.

Lakini dawa ya kumzuia mtu asifike kilo 130 siyo inayomtoa huko akishafika. Mwongozo wa kimataifa wa 2022 unapendekeza upasuaji kwa wenye BMI, yaani kipimo cha uzito kulinganishwa na urefu, ya 35 na kuendelea, au 30 ikiwa wana kisukari cha aina ya pili. Msichana wa kilo 75 anayetaka kupungua kabla ya harusi yake ya mfunguo mosi hayumo humo, na kwa huyo nasimama na wazee bila kusita. Mama anayejidunga insulini kila siku, ambaye magoti hayamruhusu kusujudu, na ambaye amejaribu kila mlo aliosimuliwa, huyo yumo. Akiamua kwenda, nyumba nzima ijue, na karatasi yenye aina ya upasuaji, tarehe, dawa za kuepukwa na namba ya daktari wake ikae pamoja na kitambulisho chake, shemeji wa usiku aikute.