Ukitaka kufunga mji, lipa kwanza

Amri ya kubaki nyumbani wakati wa mlipuko wa ugonjwa huchukulia kwamba kila mtu ana vitu vitatu: chumba chenye mlango, chakula cha wiki mbili au tatu, na kipato kinachoingia hata asipotoka. Mwenye vyote vitatu hukereka tu. Mwenye kimoja huhangaika. Asiye na hata kimoja hawezi kuitii amri hata akitaka, na papo hapo anageuka mkosaji mbele ya polisi.

Sisemi miji isifungwe. Virusi huwapata kwanza walewale wanaolala wengi chumba kimoja, wanaopanda magari yaliyojaa, wanaoumwa huku wakiwa kazini. Kuacha wazi si kuwahurumia. Ninachobishia ni mpangilio wa mambo: karibu kila mahali mwaka 2020, wakati wa korona, amri ilitangulia na pesa ikafuata nyuma, wiki kadhaa baadaye. Ilipaswa kuwa kinyume chake, na haikuwa vigumu kiasi hicho.

India ndiyo mfano uliokithiri. Machi 24, 2020, saa mbili usiku, waziri mkuu Narendra Modi alitangaza kufungwa kwa nchi nzima kwa siku 21 kuanzia saa sita usiku huohuo. Saa nne kwa watu zaidi ya bilioni moja. Treni na mabasi vilisimama, viwanda na maeneo ya ujenzi vikafungwa, na vibarua waliokuwa wakilala palepale kazini wakapoteza kazi na malazi kwa mkupuo mmoja. Kadi zao za chakula cha ruzuku, kwa wengi wao, zilisajiliwa vijijini walikotoka, kwa hiyo mjini hazikuwafaa kitu. Wakaanza kutembea mamia ya kilomita. Treni maalumu za kuwarudisha makwao zilianza Mei 1, zaidi ya wiki tano baadaye. Amri iliyokusudiwa kuwatuliza watu ikawa ndiyo iliyowatoa barabarani kwa makundi.

Anayetunga amri za namna hii aelewe kwanza hesabu ya mtu anayelipwa kwa siku. Pesa iliyo mfukoni mwa mchuuzi jioni si akiba, ni mtaji wa kesho. Siku tatu za kwanza za kufungiwa anakula mtaji huo. Kama anauza vitu vinavyooza, bidhaa nazo zimekwenda, na kama alizichukua kwa mali kauli bado anadaiwa. Wiki ya pili anapunguza mlo, anakopa kwa jirani ambaye naye kazi imesimama, anaacha kupeleka mchango kwenye kikundi cha kukopeshana. Kikundi chenyewe kinakufa, kwa sababu kilikuwa kikizungusha pesa ya kila wiki na sasa hakuna anayeleta. Wiki ya tatu au ya nne anauza kifaa cha kazi: cherehani, pikipiki, mashine ya kulehemu, simu. Hapo ndipo hasara inapokomaa, maana mji ukifunguliwa fundi hana cha kufanyia kazi. Atakodi kifaa alichokuwa akikimiliki, au atakopa kwa riba ya siku.

Kwa sababu hiyo tarehe ya malipo ni muhimu kuliko hata ukubwa wake. Pesa ndogo inayofika siku ya pili inamzuia mtu asitoke na inaokoa cherehani. Pesa mara tatu yake ikifika wiki ya sita inalipa madeni, basi. Ugonjwa umeshasambaa na kifaa kimeshauzwa. Mwishoni mwa Aprili 2020 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba wafanyakazi bilioni 1.6 wa sekta isiyo rasmi, kati ya bilioni 2 hivi waliopo, walikuwa kwenye hatari ya kupoteza riziki yao. Wengi wao hawapo kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri yeyote, na misaada mingi iliyobuniwa kwa haraka ilipitia kwenye orodha hizohizo.

Angalia Uingereza, nchi yenye mifumo ya kutosha. Mwajiriwa aliyesimamishwa kazi kwa muda alilipiwa asilimia 80 ya mshahara wake, ukomo pauni 2,500 kwa mwezi. Mpango mzuri, na uliwabeba mamilioni. Lakini malipo ya ugonjwa ya kisheria yalikuwa pauni 95.85 kwa wiki, na mwajiriwa aliyekuwa akipata chini ya pauni 120 kwa wiki hakustahili hata hizo. Kwa mtu kama huyo, kutangaza kwamba anakohoa ni kujikata mshahara. Atanyamaza na kwenda kazini, na atakayemlaumu aanze kwa kumpa hesabu nyingine.

Togo, nchi yenye uwezo mdogo zaidi, ilifanya jambo la kuigwa. Aprili 2020 ilianzisha mpango wa Novissi. Mtu alipiga namba fupi kwenye simu ya kawaida, bila intaneti, akaingiza namba ya kadi yake ya mpiga kura, na mfumo ukaangalia eneo lake na kazi aliyoandikisha. Akistahili, pesa iliingia kwenye simu. Wanawake walipewa faranga 12,250 kwa mwezi na wanaume 10,500, kwa awamu mbili kila mwezi. Daftari la wapiga kura lilikuwa jipya kwa sababu ya uchaguzi wa rais wa Februari mwaka huohuo, na hiyo ilikuwa bahati, ila si bahati kutumia daftari ulilo nalo badala ya kuanza kuandikisha watu upya katikati ya karantini.

Hata hivyo mpango wa simu nao una mashimo yake, na yanajulikana kabla hata ya kuanza. Laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mume, kaka au mwenye duka. Simu za wanaolala nje huibwa au huisha chaji. Kadi za utambulisho hupotea mvua ikinyesha au askari wa jiji wakizoa vitu. Kwa hiyo unahitaji dirisha la pili la watu wasio na simu wala kadi: karani anayekwenda walipo, shahidi anayekubalika (muuguzi, mhudumu wa kituo cha chakula, kiongozi wa dini), na malipo mkononi. Ukimwachia kiongozi wa mtaa peke yake kazi ya kutunga orodha, majina ya jamaa zake yatatangulia. Bandika orodha hadharani na uweke siku tano za kulalamika. Na usiwaite watu kupokea pesa mahali pamoja siku moja. Brazil ililipa reais 600 kwa mwezi kuanzia Aprili 2020, kiasi kilichosaidia kwelikweli, lakini foleni ndefu zikajipanga nje ya matawi ya benki ya Caixa, watu wakikaribiana kwa saa nyingi kupata pesa ya kuwawezesha wasikaribiane.

Kuna amri ndogo ndogo ambazo hazionekani kama kufungia mtu, nazo zinauma vilevile. Gari la abiria likiruhusiwa kubeba nusu, nauli hupanda au dereva anakula hasara, kwa kuwa mafuta hayapungui na hesabu ya tajiri haipungui. Marufuku ya usiku humega mchana. Kenya ilipoweka marufuku ya kutoka kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, Machi 27, 2020, biashara za jioni zililazimika kufungwa alasiri ili watu wawahi usafiri. Siku hiyohiyo ya kwanza polisi walirusha mabomu ya machozi kwa watu waliokuwa wakisubiri kivuko cha Likoni, Mombasa, wakirudi makwao. Msongamano ule ulitengenezwa na saa yenyewe. Kama lazima kuwe na marufuku ya usiku, ongeza vyombo vya usafiri saa mbili kabla yake, au acha.

Sasa wanaolala nje. Wengi hudhani mtu wa barabarani hapotezi kitu mji ukifungwa, kwani hakuwa na kitu. Anapoteza mji wenyewe, nao ndio nyumba yake. Choo chake kilikuwa mgahawani, stendi au maktaba. Maji alikuwa akichota kwenye bomba la soko. Simu alichaji maktaba. Kipato chake kilikuwa wapita njia, chupa tupu, kubeba mizigo, kuosha magari. Vyote vinafungwa asubuhi moja. Vituo vya chakula vinavyoendeshwa na wastaafu wa kujitolea navyo hufunga, kwa sababu wazee hao ndio walio hatarini zaidi.

Hatua za kwanza hapa ni za siku mbili tatu, na hazihitaji mkutano mkubwa. Acha vyoo vya umma wazi usiku na mchana, na ongeza vya kuhamishika. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada, vinasema choo kimoja kwa watu 50 mwanzoni mwa dharura, kisha kimoja kwa watu 20. Weka ndoo za lita 20 zenye koki, sabuni iliyofungwa kwa kamba, na beseni la maji machafu. Kunawa mara moja, koki ikifunguliwa kidogo, hula kama nusu lita, yaani ndoo moja ni watu 40. Mahali penye watu 100 wanaonawa mara nne kwa siku panataka lita 200, ndoo kumi. Kinachoharibika siku zote si ndoo. Ni kwamba hakuna aliyelipwa kuijaza, na siku ya nne unakuta ndoo kavu imepinduliwa na watu wameikalia. Mlipe mtu, ikiwezekana mmoja wa wanaolala hapo.

Makao ya pamoja ni suala gumu zaidi. Mwanzoni mwa Aprili 2020, katika makao moja makubwa mjini Boston, watu 408 walipimwa wote bila kujali dalili. Waliokutwa na virusi walikuwa 147, na wengi wao hawakuwa na dalili yoyote. Somo lake ni kwamba kupima joto mlangoni na kuuliza nani anakohoa hakuchuji kitu. Ukiona mgonjwa mmoja, pima bweni zima. Vitanda vikae mita mbili, kichwa cha mmoja kuelekea miguu ya mwenzake, madirisha wazi hata kama ni baridi. Lakini ukifanya hivyo uwezo wa jengo unashuka kwa nusu au zaidi, na hapo ndipo viongozi wengi walipokwama: nusu nyingine waende wapi? Las Vegas, mwishoni mwa Machi 2020, baada ya makao kufungwa kwa sababu ya mgonjwa, watu walilazwa kwenye maegesho ya magari, wametenganishwa kwa mistari iliyochorwa juu ya lami. Jiji lile lilikuwa na maelfu ya vyumba vya hoteli visivyo na mgeni. Cape Town nayo iliwakusanya watu kwenye kambi ya mahema ya Strandfontein, mbali na katikati ya jiji, ikaifunga Mei baada ya wiki chache za malalamiko.

Chumba cha mtu mmoja chenye choo chake ndicho kinachofanya kazi. England iliagiza halmashauri mwishoni mwa Machi 2020 ziwaingize ndani watu wote wa barabarani, hotelini na kwenye mabweni ya vyuo. Watafiti walikadiria baadaye kwamba hatua hizo ziliepusha vifo 266 vya watu wasio na makazi katika wimbi la kwanza. California ililenga vyumba 15,000, serikali kuu ikiahidi kurudisha asilimia 75 ya gharama. Kurudisha, si kutanguliza. Wilaya isiyo na fedha mkononi inasita hata ikijua italipwa.

Na chumba peke yake hakitoshi. Mtu anayetumia dawa za kifua kikuu, za VVU au methadoni (dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini) akihamishiwa hoteli iliyo mbali na kliniki yake, ataacha dawa au ataondoka. Dawa zimfuate. Mtu anayetumia dawa za kulevya akiwa peke yake nyuma ya mlango anaweza kufa bila mwenzake wa kumshtua, kwa hiyo mlango ugongwe angalau mara mbili kwa siku. Sheria za kukataza mbwa, mwenzi au mizigo huwarudisha watu barabarani siku ya kwanza, kisha inasemwa kwamba walipewa chumba wakakataa.

Kodi ya nyumba nayo ina mtego wake. Kuzuia watu wasifukuzwe hakufuti deni, kunalilimbikiza tu. Marekani zuio la taifa lilianza Septemba 4, 2020 na likaondolewa na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo Agosti 26, 2021. Bunge lilikuwa limetenga zaidi ya dola bilioni 46 kulipia malimbikizo, lakini kufikia mwisho wa Julai 2021 ni takriban asilimia 11 tu iliyokuwa imewafikia walengwa. Fomu zilitaka mikataba ambayo wapangaji wengi hawakuwa nayo, na saini za wenye nyumba ambao baadhi yao waligoma kusaini. Ingekuwa mimi ninapanga, mpangaji angeandika tamko lake mwenyewe, mwenye nyumba angepewa siku saba kupinga, na akinyamaza pesa ingekwenda kwa mpangaji. Watakuwepo wachache watakaodanganya. Kuwatoa watu vyombo nje, kisha kuwatafutia tena malazi, ni ghali zaidi ya hao wachache.

Yanabaki mambo mawili ambayo husahaulika mji unapofunguliwa. Faini za kukiuka amri zilizoandikwa kwa watu wasiokuwa na pa kukaa zifutwe kwenye kumbukumbu, la sivyo zitawazuia kupata kazi na leseni miaka mingi baadaye. Na mkataba wa hoteli usikatwe kwa tarehe moja ya watu wote. Atoke kila mtu pale makazi yake mengine yanapopatikana, hata kama vyumba vichache vitalipiwa miezi mitatu zaidi.