Blanketi wamepata, kiwanja je?

Kila janga likitokea hapa Uganda kuna swali linafika kabla hata ya gari la Msalaba Mwekundu, nalo ni hili, "sasa hawa watu walijenga pale kutafuta nini?" Utalisikia kwenye teksi, redioni wakifungua simu, mpaka msibani kwenyewe watu wanalinong'ona huku wanakula. Agosti 2024 lundo la taka la Kiteezi, jalala la jiji la Kampala, lilipoporomoka hata mzee mwenyewe, Rais Museveni, aliuliza nani aliruhusu watu kuishi karibu na kitu cha hatari namna ile. Kwa rais sina ugomvi na swali hilo kwa sababu aliwauliza wakubwa, na mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu wa KCCA, mamlaka ya jiji la Kampala, Dorothy Kisaka na naibu wake walifutwa kazi. Shida ni swali likishuka mtaani, huku halimuulizi mkubwa tena, linamuuliza mama aliyekaa kwenye godoro nje ya tenti ana watoto watatu na sufuria moja.

Na mi naona tunalipenda swali hilo kwa sababu linatuokolea pesa, ukishasema walijitakia basi blanketi moja na kilo mbili za posho zinatosha, umemaliza, unarudi nyumbani umelala vizuri. Huruma yetu inaishia kwenye vitu vya kubeba mkononi. Nyumba haibebeki, nyumba inataka ardhi, na ardhi ndo kitu ambacho katika nchi hii hakuna mkubwa anataka kukiachia.

Tuanze na hilo swali lenyewe manake lina jibu. Jalala la Kiteezi lilifunguliwa 1996, enzi hizo kule bado kulikuwa kijijini, kuna watu walikuwa na vibanja vyao, yani viwanja vyao vya kuishi, pale kabla lori la kwanza la taka halijaingia, yani jalala ndilo liliwafuata wao. Wengine wakaja baadaye kwa sababu ambazo kila mtu wa Kampala anazijua, ardhi karibu na uvundo bei yake ni nafuu, na kazi iko hapo hapo, unaokota chupa za plastiki na vyuma unauza kwa kilo jioni watoto wanakula. Broka alikuonyesha kiwanja, mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, akaweka muhuri kwenye agrimenti akachukua chai yake, umeme ukavutwa, na wakati wa kura wagombea wakapita nyumba kwa nyumba wakisalimia mpaka mbwa, hakuna hata mmoja aliyesimama akasema jamani hapa si mahali pa kuishi. Lundo likaendelea kupanda, zaidi ya tani elfu moja za uchafu wetu kila siku, wako na wangu, maganda ya matoke na pampasi. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti, baada ya mvua kubwa, likawashukia. Waliothibitishwa kufa walifika 35. Ikatoka amri familia za waliokufa zipewe shilingi milioni tano kwa kila marehemu na majeruhi milioni moja. Milioni tano! Kampala hii milioni tano unazika, unalipa madeni ya hospitali, inayobaki haikununulii hata sehemu ya kuchimba choo.

Sasa toka hapo Kiteezi tembea kwa miguu, hutachoka sana, utafika Lusanja. Oktoba 2018 pale hapakuwa na maporomoko ya kitu chochote, kulikuwa na mashine, polisi wenye bunduki na mtu mwenye hati ya ardhi na karatasi ya mahakama. Nyumba za familia zaidi ya 350 zikalala chini, watu wanalia, kuku wanakimbia huku na huku. Ukiangalia picha za Lusanja na za Kiteezi bila maandishi yake huwezi kujua ipi ilikuwa mvua na ipi ilikuwa tamaa ya mtu, godoro ni lile lile na mtoto aliyekalia sufuria ni yule yule.

Lakini huruma haikuwa sawa, na hii ndo inaniuma zaidi. Aliyeangukiwa na taka angalau wiki moja nchi nzima ilikuwa inamuombea. Aliyevunjiwa na mashine watu walianza kumuangalia kwa jicho la kando, eti kama mahakama ilitoa karatasi basi lazima kuna kitu alikosea. Nani kasema? Huku Buganda kiwanja kimoja kinaweza kuwa na wenyewe wawili, kuna mwenye hati ya mailo, mambo yaliyoanza na mkataba wa 1900, na kuna mwenye kibanja anayeishi juu yake na kulipa busuulu, kodi ya ardhi, kila mwaka. Sheria ya ardhi ya 1998 na marekebisho yake ya 2010 inasema mwenye kibanja halali hatolewi mpaka mahakama iamuru, na sababu iwe ni kutolipa busuulu. Kwenye karatasi hiyo ni nzuri sana, mi nikiisoma naona tuko peponi. Mtaani ardhi inauzwa wewe umelala ndani yake, mwenye hati mpya hata humjui sura, busuulu unampelekea anakataa kupokea, afu kesho anaenda kusema huyu halipi. Na loya wa kukutetea anataka pesa ambayo ungekuwa nayo usingekuwa unaishi kwenye kibanja cha futi 50 kwa 50.

Nina jirani, mama mtu mzima, yeye nyumba yake ilivunjwa kwa mtindo huo huo, si Lusanja lakini hadithi ni moja. Alipokuja kupanga muzigo, yani chumba, hapa kwetu alikuja na mlango wa chuma. Mlango mzima na fremu yake, wa bluu, kitasa kipo na funguo zake mbili zimefungwa kwa kitambaa. Watu wakivunjiwa kitu cha kwanza kuokoa ni mabati na mlango, matofali utachoma mengine lakini mlango wa chuma ni pesa, mtu alijichanga kwenye kikundi cha akina mama mpaka zamu yake ikafika. Sasa muzigo wenyewe ni chumba kimoja, mlango haukuingia, ukaegeshwa nje ukutani, watoto wanaufanya goli. Kila mvua zikikaribia mama anachukua oili chafu kwa jamaa wa gereji anaupaka usishike kutu, anapaka taratibu, bawaba kwanza. Landilodi amemwambia mara nyingi auuze kwa watu wa skrepa unajaza kampaundi. Siku moja na mi nikamwambia mama si uuze tu upunguze deni la kodi, akanijibu bila hata kugeuka, "mwanangu, mlango ninao, nyumba ndo bado."

Hakuna aliyewahi kumletea huyo mama blanketi. Hayuko kwenye tenti kwa hiyo kwa hesabu zetu si muathirika.

Sasa tuje kwenye huruma ya serikali, ile ya bajeti, maana hiyo nayo ina njia ndefu na njiani kuna wenye njaa ambao wana shibe. Mabati ya Karamoja mnayakumbuka. Yalinunuliwa kwa ajili ya watu wa kule waliochoka na vita vya ng'ombe, ili warudi kwenye maisha ya kawaida wawe na paa. 2023 ikajulikana yamegawanywa kwa mawaziri na wabunge kama keki ya harusi, mengine yalikutwa yameezeka banda la mbuzi. Yani mbuzi wa mheshimiwa halowi! Na mabati yenyewe yamepigwa chapa kabisa, Ofisi ya Waziri Mkuu, fundi anapanda juu anapigilia msumari pembeni ya maandishi. Aprili 2025 Agnes Nandutu, aliyekuwa waziri mdogo wa Karamoja, alihukumiwa miaka minne jela kwenye kesi ya mabati 2,000. Kilichonishika mimi hapo si miaka minne, ni kwamba alikuwa mbunge mwanamke wa Bududa. Bududa! Kama kuna wilaya Uganda nzima inayojua thamani ya paa ni hiyo.

Manake Bududa tarehe 1 Machi 2010 mlima Elgon ulishuka kule Nametsi ukafunika kijiji, mamia ya watu, na wengine walikuwa wamekimbilia kituo cha afya kujikinga mvua, wakafukiwa humo humo. Walionusurika serikali ikawahamishia Kiryandongo, zaidi ya kilomita 300 huko upande wa magharibi. Wakapewa ardhi, na kwa haki tuseme kweli hilo lilikuwa zaidi ya blanketi. Lakini wengi walirudi mlimani, na hapo tena midomo ikafunguka juu ya Wagisu, watu wa mlima huo, eti Wagisu wagumu, Wagisu hawasikii, wanataka kufa. Mi sikubali. Mtu wa Elgon umemtoa kwenye kahawa na migomba, udongo wa volkano ambao ukidondosha mbegu inaota, makaburi ya wazee wake yako pale, mwaka wa imbalu, tohara ya Wagisu, ukifika vijana wanachezea pale, umempeleka nchi ya mahindi na jua ambako lugha yake haisikiki na nduguye hayupo. Umempa ardhi lakini hukumuuliza anaishi vipi. Mimi pia ningerudi, na wewe unayesoma ungerudi.

Baadaye walijifunza, nawasifu kwa hilo, sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Baada ya Bukalasi, Bududa hiyo hiyo, kufukiwa tena Oktoba 2018, familia za kwanza zikahamishiwa Bunambutye 2019, nyumba za matofali, tena Bunambutye iko chini ya mlima huo huo, wilaya ya Bulambuli, mtu anasikia lugha yake, anaweza kwenda kuangalia kahawa yake akarudi. Hiyo ndo huruma yenye akili. Halafu nini? Ikaenda polepole, awamu hii, awamu ile, bajeti ijayo. Tarehe 27 Novemba 2024 mlima ukashuka Masugu. Masugu iko wapi? Bulambuli hiyo hiyo, wilaya ambayo chini kwenye tambarare kuna ardhi serikali ilishanunua miaka mingi nyuma kwa kazi hiyo. Watu walikufa juu wakati mahali pao pa kuishi palikuwa pameandikwa chini. Hapo lile swali la walijenga pale kutafuta nini unamuuliza nani?

Na sisi wa kawaida tusijifiche nyuma ya serikali. Baada ya Kiteezi mtaani kwetu tulichangishana, watu walitoa vizuri tu, mpaka stoo ikajaa blanketi na nguo, kuna gunia lilikuwa na mashati ya kampeni ya uchaguzi uliopita, sijui nani aliona hiyo ni sadaka. Hajati mmoja tunayemheshimu akainuka kwenye kikao akasema jamani blanketi zimezidi, pesa iliyobaki tusinunue zingine, tutafute mizigo ya kupanga ya laki moja na nusu kwa mwezi, tuchukue familia chache tuzilipie kodi miezi mitatu wajipange. Kimya. Afu mmoja akasema, "Hajati hilo ni zuri, lakini tutawaonyesha nini watu waliochanga?" Yani tatizo ni kwamba kodi haina picha. Blanketi unashika upande mmoja, muathirika upande mwingine, kamera inapiga, mnaweka kwenye grupu la WhatsApp, kila mtu anasema amina. Hajati alishindwa kura. Zikanunuliwa blanketi.

Mimi ningekuwa na sauti ningesema makanisa na misikiti yetu ambayo ina ardhi, na inayo nyingi tusidanganyane, ikate kipande kwa watu waliopoteza nyumba, na hati iandikwe jina la baba na la mama wote wawili, si karatasi ya LC ambayo mwenyekiti akibadilika nayo inakufa. Hata familia kumi kila jimbo. Na anayechangia achangie kodi, loya, ada ya mpima ardhi, vitu visivyo na picha.

Taka za Kampala sasa hivi zinapelekwa Buyala, Mpigi. Barabara ya kwenda huko nayo, kama barabara zote za kutoka mjini, imejaa mabango ya viwanja vinauzwa, lipa kidogo kidogo. Basi kabla ya lundo la Buyala halijapanda nataka kujua kwa KCCA na wilaya ya Mpigi ni mita ngapi kutoka pale hakuna mtu kuuziwa kiwanja, mpaka huo umechorwa kwenye ramani gani, na waliokuwepo pale kabla ya lori la kwanza wanalipwa lini na kuhamia wapi. Wajibu sasa hivi, tukiwa bado hatuna wa kumuuliza alijenga pale kutafuta nini.