Naibu Aliyegeuka Mfalme: Vyeo vya Watawala wa India

Mswahili akisikia "Nawab" hana haja ya kwenda mbali. Neno hilo na "naibu" letu ni shina moja la Kiarabu. Manawab wa majimbo ya Bengal na Awadh walianza kama manaibu wa mfalme wa Mughal, dola iliyotawala India kutoka Delhi, wakajitawala Delhi ilipodhoofika. Nizam wa Hyderabad naye ni ndugu wa "nidhamu": Nizam-ul-Mulk, yaani msimamizi wa dola. Maharaja, "mfalme mkuu" kwa Kisanskriti, ndiye anayetaja ufalme waziwazi.

Kinachonivutia zaidi ni "Sawai", cheo cha watawala wa Jaipur, yaani moja na robo. Inasimuliwa kuwa Aurangzeb, mfalme wa Mughal, alimpa mtawala Jai Singh wa Pili sifa hiyo kwa kuwazidi wenzake kwa robo nzima. Kwenye kasri la Jaipur hupepea bendera nzima, na juu yake kibendera cha robo. Tafsiri ya neno ipo pale angani, kila mpita njia anaisoma.

Mwaka 1971 serikali ya Indira Gandhi, kwa Marekebisho ya 26 ya Katiba, iliacha kuwatambua watawala hao wa jadi na kufuta posho walizolipwa na serikali. Hoja yake ilikuwa nzito: jamhuri itamlipaje mtu kwa sababu ya kuzaliwa kwake tu, huku mkulima akilala njaa? Lakini upande wa pili haukuwa na uchoyo mtupu. Watawala wa madola zaidi ya 500 walikuwa wameyaunganisha na India huru kwa makubaliano, na posho ikalindwa na Katiba yenyewe, ibara ya 291. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu ya India ilibatilisha amri ya rais ya kuwavua utambuzi, ndipo Katiba ikabadilishwa. Mimi naona posho ya kurithishana milele ilistahili kukoma. Ila ahadi iliyoandikwa hivyo ilidai kipindi cha mpito na fidia, na kuvikosa kuliwauma watawala kwa haki.

Cheo chenyewe ni habari nyingine. Nahodha wa kriketi wa India tangu 1962, akiwa na miaka 21, aliandikwa Nawab wa Pataudi. Baada ya 1971 akaandikwa Mansur Ali Khan. Hadi alipofariki mwaka 2011, mashabiki wengi waliendelea kumwita Nawab.