Baba anapomficha mwanawe sigara

Marekani kuna laini ya simu ya bure ya kuwasaidia wavutaji wanaozungumza Kihispania waache sigara. Namba yake, ukiifuata kwa herufi za vitufe, inasomeka Déjelo Ya, yaani iache sasa. Rafiki yako ungemwambia déjalo; déjelo ni ya mkwe, ya bibi, ya mtu unayemstahi. Anayejua uzito wa shikamoo ameshaelewa kwa nini herufi moja ilichaguliwa kwa makini.

Wanaotetea kampeni za namna hii, zinazomsihi mvutaji kwa Kihispania na kwa mapenzi ya familia yake, wana hoja nzito. Tangu miaka ya 1980, watafiti wa San Francisco wakiwemo Gerardo Marín na Eliseo Pérez-Stable walionyesha kwamba Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, kuliko Wazungu, hutaja familia wanapoeleza kwa nini waache: afya ya watoto, mfano mbaya nyumbani. Kampuni za tumbaku nazo zililijua soko hili. Zilitoa sigara zenye majina ya Kihispania kama Rio na Dorado, zikafadhili sherehe za Cinco de Mayo, sikukuu ya Wamexico ya tarehe 5 Mei. Mlango aliopitia muuzaji, mganga ana haki ya kuupitia.

Lakini wakosoaji wa kampeni hizi husema “Walatino” ni jina pana mno. Utafiti mkubwa uliofanywa Bronx, Chicago, Miami na San Diego kuanzia 2008 hadi 2011 uliwakuta Wapuerto Rico na Wakuba wakivuta kuliko Wadominika kwa mbali. Bango moja haliwatoshi wote. Isitoshe, Walatino hupata ushauri wa daktari na dawa za kuachia sigara kwa uchache kuliko Wazungu, na picha ya mjukuu anayetabasamu hailipii vibandiko vya nikotini. Hapo wakosoaji wako sahihi kabisa, na bajeti yoyote inayoishia kwenye mabango ningeikataa.

Hata hivyo, wakisema kwamba lugha nayo ni pambo tu, siwafuati. Wengi wa wavutaji hawa huvuta sigara chache, wengine si kila siku, kwa hiyo kuficha ni rahisi. Mfikirie baba asiyejua Kiingereza, yuko kliniki, na mkalimani wake ni binti yake wa miaka 12. Daktari anauliza: unavuta ngapi? Binti anatafsiri. Baba anamtazama binti, si daktari, na kusema havuti. Mapenzi yale yale ambayo kampeni inayategemea ndiyo yaliyomfunga mdomo. Kwenye simu, na mshauri aliye mtu mzima anayemwita usted, yaani “wewe” ya heshima, anaweza kuitaja idadi yenyewe.