Mtandio, taa ya meli na saa ya bamvua

Ukitaka kuyaona mageuzo ya Fourier, yaani hesabu ya kulivunja umbo lolote kuwa mawimbi, bila kalamu wala kompyuta, shuka Raskazone baada ya magharibi, siku ambayo meli imetia nanga ikisubiri kuingia bandari ya Tanga. Chukua mtandio mwepesi wa shifoni, uvute usiwe na kunyanzi, uuweke karibu kabisa na jicho, kisha itazame taa moja tu ya ile meli. Taa haitabaki moja. Itakuwa msalaba wa nukta: ya katikati kali, za pembeni zikififia kadiri zinavyokwenda nje, na hizo za nje zina wekundu upande wa mbali na buluu upande wa ndani. Mjomba wangu, aliyeanza kuvua kabla sijazaliwa, alitazama mara moja akanirudishia mtandio haraka. "Wa mkeo huu? Mpe mwenyewe," akasema.

Hakuna uganga hapo. Mwaka 1785, huko Philadelphia, David Rittenhouse aliulizwa jambo hilohilo na Francis Hopkinson, aliyekuwa ameitazama taa ya barabarani kupitia leso ya hariri. Mwanga ni wimbi, na wimbi likipenya vijidirisha vilivyo kati ya nyuzi hupinda. Mawimbi yanayotoka kila kijidirisha hukutana ndani ya jicho. Mahali pengine yanasaidiana, pengine yanauana. Nyuzi zikiwa zimeachana milimita 0.2 na taa ikiwa umbali wa mita 400, nukta mbili jirani zitaonekana zimeachana mita moja na kidogo. Nyuzi zikisogeleana, nukta zinatanuka. Huhitaji kununua mtandio mwingine ili kuhakikisha: uinamishe huohuo ukae mshazari mbele ya jicho, utaona upande mmoja wa msalaba unarefuka.

Kwa hiyo kinachoonekana si picha ya kitambaa, ni hesabu ya kitambaa. Joseph Fourier alipopeleka andiko lake Paris mwaka 1807, alikuwa anahangaika na joto linavyosambaa, na mwanahisabati Lagrange hakukubaliana naye. Kitabu chenyewe kilitoka 1822. Wazo lake ni kwamba umbo lolote, hata liwe na makona, unaweza kuliandika upya kama jumla ya mawimbi laini. Kwa kila wimbi unahitaji kujua mambo matatu: linajirudia kwa kasi gani, lina kimo gani, na linaanzia wapi. Hilo la tatu huitwa awamu, na ndilo lililotugombanisha.

Tuligombana na mpwa wangu, anayesoma uhandisi wa mawasiliano na alikuja nyumbani likizo. Hoja yake ilikuwa nzuri, niseme kweli. Mageuzo ya Fourier, alidai, hayapotezi kitu: ukigeuza kisha ukageuza kinyume, unarudi pale ulipotoka. Halafu lenzi, kama hiyo iliyo ndani ya jicho, inaifanya kazi hiyo bure. Kompyuta ikipewa vipimo 1,024 na kufuata njia ya mkato iliyotangazwa na Cooley na Tukey mwaka 1965, inahitaji hatua kama elfu kumi badala ya zaidi ya milioni moja. Lenzi haina hatua hata moja ya kufuata. Mwanga unakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja, na ukishavuka lenzi na kufika kwenye kitovu chake, pale miale inapokusanyika, picha nzima imekwisha kugeuzwa. Ernst Abbe aliyaona hayo kule Jena mwaka 1873 alipokuwa akitengeneza nadharia ya hadubini. Mwaka 1906 mwanafizikia Porter akaonyesha kwamba ukiweka wavu mbele ya lenzi, kisha pale kwenye kitovu ukaziba nukta zote isipokuwa safu moja ya ulalo, picha itakayotokea ina nyuzi za wima peke yake. Zile za ulalo zimefutwa, na hakuna aliyeushika wavu. "Mjomba," akaniambia, "unataka nini tena?"

Nilitaka asogeze mtandio. Si kuuinamisha, si kuuzungusha. Ausogeze tu kushoto, kulia, juu, chini, mbele ya jicho. Akasogeza. Msalaba ukabaki palepale, juu ya taa ya meli, kama umegongomelewa. Nyuzi zimehama, nukta hazina habari. Umbali kati ya nyuzi unaonekana, uelekeo wa nyuzi unaonekana, lakini uzi uko *wapi* hauonekani kabisa. Mahali pa uzi pamebebwa na awamu, na jicho halijui awamu. Linajua ukali wa mwanga tu. Kamera ya simu ni hivyohivyo.

Hapo alinijibu, na alijibu vizuri: mwanga wenyewe haujapoteza kitu. Ungekuwa umepoteza, Porter asingepata picha ya wavu upande wa pili. Awamu inakufa pale tu mtu anapoamua kupima katikati ya safari. Nakubali. Na Dennis Gabor mwaka 1948 alipata njia ya kuinasa: unauchanganya mwanga unaotoka kwenye kitu na mwanga mwingine wa kulinganishia, na awamu inaacha alama kwenye filamu. Njia hiyo, holografia, ilimpa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1971. Lakini hiyo "bure" ya mpwa wangu imeshapanda bei. Mwenye kompyuta aliyepima wimbi lenyewe la sauti au la maji anapewa kimo na awamu kwa pamoja. Mwenye lenzi anapata nusu, na nusu ya pili ailipie.

Je, nusu hiyo ina thamani gani? Kwa hili sikuhitaji vitabu, nilimgeukia mzee, yule mjomba wangu mvuvi. Maji ya pwani yetu yanaendeshwa zaidi na mawimbi mawili: moja la mwezi, linalojirudia kila saa 12.42, na moja la jua, kila saa 12 kamili. Yakienda pamoja tunapata bamvua, maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida. Yakipingana tunapata maji mafu. Na mzunguko huo unachukua siku 14.77. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kapi ya kujumlisha mawimbi ya namna hiyo katika miaka ya 1870. Mpwa wangu akamchorea babu yake mistari miwili kwenye karatasi, mrefu wa mwezi na mfupi wa jua, akaeleza kwamba bahari yote ya Tanga, karibu yote, imo humo.

Mzee akaitazama karatasi. "Sasa maji yanajaa saa ngapi?"

Karatasi haikuwa na saa. Ilikuwa na vimo. Mjomba wangu, ambaye hajui Fourier ni nani, anajua kwamba bamvua hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, na kwamba kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Hiyo ndiyo awamu, na ndiyo anayoitegemea kuamua kushusha ngalawa au kulala tena. Kimo bila awamu kinamwambia ni kiasi gani cha maji kitakuja siku moja isiyojulikana.

Ningeishia hapo ningeonekana nimeshinda, lakini sikushinda kote. Mpwa wangu alinikumbusha kanda zangu za zamani za taarab, ambazo yeye mwenyewe ndiye aliyezisafisha mvumo. Programu aliyotumia inakata sauti vipande vifupi vifupi, inapunguza vimo vya mawimbi ya mvumo, na awamu inaiacha ilivyo, chafu yake hiyohiyo. Nami nilizisikiliza mwezi mzima nikisifu. Kweli sikio linaisamehe awamu mbovu kuliko nilivyokuwa nikidai, na kwa kitu kinachojirudia sawasawa, kama nyuzi za mtandio, vimo vinatosha kabisa kwa anayetaka kujua nafasi iliyo kati yake.

Kusamehe iliyochafuka si sawa na kuishi bila hiyo, nikamwambia. Auchukue wimbo mzima, asiukate, ageuze, vimo vyote avibakize kama vilivyo, awamu zote azifanye sifuri, kisha aurudishe. Alifanya usiku uleule kwenye kompyuta mpakato, barazani. Udi, fidla, mwimbaji, makofi ya ukumbini, dakika sita zote zikajikusanya mahali pamoja: pa! mwanzoni kabisa, kisha mvumo hafifu usioeleweka. Mzee alinyanyuka kwenye mkeka akauliza kama spika imeungua.