Lehemu sio neno la kizee

Juzi nimepeleka redio ya bimkubwa kwa fundi pale Ngamiani, waya wa betri umechomoka. Dogo anayejifunza kazi nikamwambia mwanangu piga lehemu hapo tu, yaani aunge kwa ile metali laini ya kuyeyusha, akanikodolea macho, mpaka fundi mwenyewe akamwambia anataka solda, dogo akacheka eti lehemu neno la kizee. Iliniuma jamani.

Haya, hiyo solda nayo ni ya juzi? Imetoka kwenye Kilatini, solidus, yaani imara, kilichoshikamana, wakapata solidare, kukaza kitu kiwe imara, likapitia Kifaransa cha zamani ndo Waingereza wakalidaka. Solidus hiyohiyo ikawa jina la sarafu ya dhahabu ya Rumi, ya kaizari Konstantino, mwanzoni mwa karne ya 4, ratili moja ya Kirumi inatoa 72, kama gramu 4.5 kila moja, na soldier wa Kiingereza, yaani askari, kaitwa hivyo kwa sababu ya ujira uliopewa jina la sarafu hiyo. Halafu Waingereza shilingi yao waliiandika kwa s ya solidus, s ndefu ya zamani ikanyooka ikawa mkwaju, yaani alama hii /, ndo huohuo mama muuza maandazi wa mtaani kwetu anaouandika 200/= mpaka leo! Nilivyojua hilo nilifurahi sana.

Sasa lehemu. Ni Kiarabu, mzizi mmoja na lahm, nyama, na kidonda kikifunga Waarabu wanatumia mzizi huohuo. Na ukimwangalia fundi akifanya kazi ndo unaelewa. Alikwangua waya kwa wembe ukabaki mwekundu, akapaka ile grisi yake, kamoshi kakapanda, tone la lehemu likakaa kidonge kwanza, halafu ghafla likatandaa likang'aa, lilipopoa likafifia kidogo. Shaba haikuyeyuka hata chembe, yenyewe inataka nyuzi 1085, wakati mchanganyiko wa bati 63 na madini ya risasi 37 kwa mia unayeyuka kwenye 183 tu, ila bati linaishika shaba pale zinapogusana, kunakuwa na utando mwembamba wa vyote viwili, kama kovu kabisa.

Kwa hiyo mimi naona lehemu inaeleza hiyo kazi vizuri kuliko solda, solda inakwambia kitu kimekaza, lehemu inakwambia kimeshikanaje. Walimu wa ufundi naombeni mkiandika solda ubaoni andikeni na lehemu pembeni, hao madogo hawajalikataa, hakuna aliyewaambia tu.