Mafungu ya vekta: tuanzie aljebra au milinganyo tofautishi?

Mwanafunzi wa uzamili pale Mlimani anayetaka kusoma mafungu holomofiki ya vekta (yanayobadilika kutoka nukta hadi nukta kwa vitendakazi vinavyotofautishika kwa namba changamano) juu ya nyuso changamano ana milango miwili: aljebra au milinganyo tofautishi. Aanzie upi? Swali hilo ni zito, maana muda wa uzamili ni mfupi.

Fungu la vekta huipa kila nukta ya uso nafasi yake ya vekta. Kwenye tufe la Riemann (namba changamano pamoja na nukta moja ya infiniti) kazi ni nyepesi: mwaka 1957 Grothendieck alithibitisha kwamba kila fungu holomofiki hugawanyika kuwa mafungu ya ranki 1, yaani yenye nafasi ya vekta ya kipimo kimoja kwa kila nukta. Kwenye bapa projektivu changamano (nukta zake ni mistari inayopita kwenye sifuri katika C³, yaani utatu wa namba changamano) utaratibu huo unavunjika. Chukua fungu la vekta za tanjenti, la ranki 2, lenye c1 = 3 na c2 = 3; hizi ni namba za Chern, zinazopima jinsi fungu linavyojipinda. Kama lingegawanyika, tungepata namba kamili mbili ambazo jumla yake ni 3 na zao lake ni 3, yaani mizizi ya x² − 3x + 3 = 0. Lakini 9 − 12 = −3, kwa hiyo hakuna hata mzizi halisi. Hesabu hiyo anaiweza mwanafunzi wa sekondari pale Temeke, na jibu lake linagusa kiini cha nadharia nzima. Hii ndiyo hoja kubwa ya watetezi wa aljebra, nami naikubali.

Wa upande wa pili nao wana lao. Wanafunzi wengi wa Dar wamezoea milinganyo tofautishi kupitia modeli za magonjwa na mitiririko, na Donaldson (1985), kisha Uhlenbeck na Yau (1986), walionyesha kuwa fungu thabiti (lisilo na fungu dogo ndani yake lililojipinda kupita kiasi) lina metriki, yaani kipimo cha urefu wa vekta, inayotimiza mlinganyo tofautishi maalumu. Kutokana na metriki hiyo, sharti la Bogomolov kwa ranki 2, c1² ≤ 4c2, linapatikana kwa kuintegreti tu.

Kwa asiye na msingi imara wa uchanganuzi, naegemea aljebra. Ila nyuso za Hopf zisisubiri mwishoni. Ondoa sifuri kwenye C², yaani jozi za namba changamano, halafu hesabu z na 2z kuwa nukta moja: uso unaopatikana hauingii kwenye nafasi projektivu yoyote. Kwenye bapa projektivu, kazi ya Schwarzenberger ya 1961 inaruhusu kila jozi ya c1 na c2 kwa ranki 2. Kwenye uso huu wa Hopf c1 ni sifuri daima, na kwa matokeo ya Bănică na Le Potier (1987), fungu lenye c2 hasi haliwezi kuwa holomofiki.